Paa za asbesto shuleni Lamu: zing'olewe au ziachwe?

Mzazi akisikia darasa la mwanawe limeezekwa kwa asbesto, yaani mabamba ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini, husema ing'olewe leo. Hofu yake ina msingi. Nyuzi za asbesto hazionekani kwa macho, zikivutwa hukaa mapafuni, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Mtoto wa chekechea ana miaka yote hiyo mbele yake.

Wanaotaka ziachwe nao wana hoja nzito. Paa likiwa zima, saruji huzishika nyuzi zisitoke. Hatari huja linapovunjwa, kutobolewa au kusuguliwa. Sheria ya Marekani ya 1986 inataka shule zikaguliwe na ziwe na mpango wa kuisimamia asbesto iliyopo, wala hailazimishi kuondoa yote.

Hoja hiyo naikubali pale tu palipo na ukaguzi wa kweli. Asbesto ilipendwa pwani kwa kuwa haishiki kutu kama mabati, lakini jua na mvua za miaka mingi huila saruji ya juu. Kuvu huota, unga hushuka hadi chini ya upenu, na hapo ndipo watoto hukaa kivulini wakati wa mapumziko. Paa la namna hiyo halifai kupakwa rangi na kusahauliwa.

Kung'oa ovyo ni kubaya zaidi. Fundi mwenye nyundo hupasua na kutupa chini, kisha vipande huenda kuezekea banda la kuku. Kanuni za taka za Kenya zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Yapasa inyweshwe maji, ilegezwe bila kuvunjwa, ifungwe kwa plastiki nene, ikazikwe palipoidhinishwa. Sasa fikiria Lamu mjini: vichochoro, gati, chombo cha baharini hadi Mokowe upande wa bara, ndipo lori. Kila inapopokezanwa inaweza kuvunjika, na kila hatua ina gharama.

Kwangu mimi, zilizopasuka ziondoke kwanza, likizo ya Desemba madarasa yakiwa matupu. Zilizo nzima ziandikwe kwenye daftari na zikaguliwe hadi zamu yake ifike. Chekechea ni ya kaunti, shule ya msingi ni ya serikali kuu, na mara nyingi zote ziko ua mmoja. Basi wagawane gharama, chombo na lori vikodiwe pamoja. Wazazi wasichangishwe hata shilingi.