Kompyuta ya Mzungu Asiyelala

Imeanza tena. Ka-ka-ka, kimya, ka-ka-ka, halafu kile kiduara cha buluu kinazunguka weee mpaka mteja anasonya, anachukua kitambulisho chake na kwenda kukitoa kopi kwa jirani. Mimi nimekaa nyuma ya meza nimekunja nne, natabasamu, maana mwenye stesheneri lazima aonekane mtu mwenye mitambo. Moyoni natukana.

Msinicheke. Wote tunaijua bei ya kompyuta mpya, wote tunaijua kodi ya fremu, na wote tunajua mtu mzima mwenye akili timamu anafikaje kwenye uchochoro kule Makoroboi, hapa Mwanza mjini, kununua mashine ya mtumba iliyobanduliwa stika kwa ukucha. Umeme leo siugusi. Maji nayo, tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na ndoo ziko kwenye foleni, tuyaache.

Ugonjwa uko kwenye "hadi diski", kile kidude cha ndani kinachotunza mafaili. Kijana mmoja wa jirani, anasoma chuo, alinichomekea fulashi yenye programu ya kupima afya ya diski. Kumbe hivi vitu vinajiandikia maisha yao vyenyewe, siku zote, kimyakimya, wala huwezi kuvisingizia. Likaja neno la njano: tahadhari. Saa ilizofanya kazi, 43,212. Mara ilizowashwa, 61. Chini yake kuna sekta, yaani vile vijichumba vya diski vya kuwekea data, zilizokufa zikahamishiwa kwingine, na nyingine zimegoma kusomeka, zinangoja kujulikana kama ni nzima au ndiyo basi.

Kijana akapiga hesabu palepale. Mwaka una saa 8,760. Hii imezunguka karibu miaka mitano, usiku na mchana, na kila ikiwashwa inakesha kama mwezi mzima. "Mzee, hii haikuwa diski ya ofisi. Naona ilikuwa inarekodi kamera za ulinzi."

Nikachomekea, nikavaa viatu vya kanisani, nikaibeba hadi mjini.

Muuzaji alikuwa palepale, kwenye kiti chake cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. "Shikamoo mzee wangu!" Marahaba. Nikaitua mashine mezani kwa heshima zote, nikatoa karatasi ya vipimo, niliyoichapa kwa jirani kwa sababu yangu ilikataa, nikasafisha koo.

"Kijana, uliniambia mashine hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mama mmoja wa kizungu, mtu mzima. Alikuwa anaifungua Jumapili tu, anasoma barua pepe, anazima."

"Saa elfu arobaini na tatu ni Jumapili ngapi?"

Akaisoma ile karatasi. Akaigeuza. Akausoma na upande wa nyuma, ambao hauna kitu.

"Mzee, wazungu hawalali."

"Na ukubwa je? Uliniuzia gigabaiti 500, inasoma 465."

"Hayo makato."

"Makato ya nani?"

"Mzee wangu, si hata ukituma hela kwa simu kuna makato?"

Hapa nimtendee haki. Zile 35 hakuna aliyeiba. Kiwandani kilobaiti wanaihesabu 1,000, Windows inaihesabu 1,024, ukienda kwa mwendo huo mpaka juu, 500 ya kiwandani inasomeka 465. Lakini yeye hakulijua hilo. Alikuwa tayari kukubali wizi ambao haupo, mradi tu autafutie jina.

Nikamkumbusha kwamba alisema ameifomati na sasa ni mpya. Akajivuna: "Tena ilimaliza dakika moja tu! Mashine nzuri hiyo." Dakika moja! Hiyo ni fomati ya haraka, inafuta orodha ya mafaili na kuondoka, wala haipiti kwenye sekta kuuliza nani mzima nani mgonjwa. Fomati kamili inaandika sifuri kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho, na kwa diski ya ukubwa huu unapika maharage yanaiva, unakula, unarudi unaikuta bado.

Akachukua bisibisi. Akafungua kava, akapuliza vumbi likanijaa usoni, akachomoa waya wa diski akaweka mwingine. Sawa, waya mbovu unasumbua kweli, lakini una mstari wake kwenye vipimo, makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani ikipita kwenye waya, na kwangu mstari huo ulikuwa sifuri. Nikamwonyesha ile sifuri kwa kidole. Akasema sifuri ndiyo mbaya zaidi.

Halafu akaniangalia kidaktari. "Mzee unakaa wapi?"

"Mabatini."

"Chini au juu?"

"Juu."

Akapiga kofi. "Si nilijua! Mawe! Diski inaandika kwa sumaku, na yale mawe yana sumaku."

Nikamwambia mji huu wote umekaa juu ya mawe. Yeye amekaa juu ya mawe. Mabenki yako juu ya mawe.

"Ndiyo maana kila siku wanasema mtandao uko chini."

Watu wakaguna kuafiki. Ndipo nikashtuka kwamba tuna watu. Muuza viatu alishasogea na kiatu kimoja mkononi, akasema tatizo ni jua. Mzee mmoja akasema unyevu wa ziwa. Dereva wa bodaboda, bila hata kuzima pikipiki, akatoa tiba: diski inayogonga huwekwa kwenye friza. Kaka yake aliyeko Geita aliilaza usiku kucha, asubuhi ikaamka inaimba. Na hii wala si ya Geita peke yake, huko duniani watu wamekuwa wakizigandisha hadi diski miaka mingi. Waliobahatika wanasimulia. Ambao umande uliwaingilia ndani wamenyamaza.

Shingo zote zikageukia kwa mama anayeuza samaki duka la tatu.

"Mnataka kuweka nini kwenye friza langu?"

"Hadi diski, mama."

"Inanuka?"

"Hainuki."

"Itanuka. Humu kuna sangara."

Badala ya kuishia hapo, wakaanza kikao cha kujadili itafungwa na nini, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na mama hataki matatizo na serikali. Mmoja akapendekeza gazeti. Mwingine akainama, akavua soksi. "Ni safi, nimeivaa leo tu." Muuzaji akaipokea! Akaipima kwenye diski yangu, yenye mafaili yangu, akaona inaenea.

Basi mimi, mzee wa viatu vya kanisani, niliyejipanga kuongea kwa hoja na vielelezo, nikajisikia napayuka katikati ya Makoroboi: "TOA HIYO SOKSI!"

Kimya. Mama wa samaki ndiye aliyenitetea. Akasema sangara wetu wanapandishwa ndege wakiwa minofu, sisi tunaachiwa mapanki, vichwa na mifupa, na kompyuta nazo ni hivyohivyo, minofu wameshakula wenyewe huko.

"Mapanki gani mama, hii ni Core i5!" Ndicho pekee kilichomuuma yule muuzaji siku nzima.

Hela? Hela hairudi. Waranti ilikuwa ya mdomo, na mdomo ulikuwa wa mdogo wake ambaye siku hizi yuko Shinyanga. Akanitolea diski nyingine kutoka kwenye boksi la soda, eti hii ilikuwa ya daktari. Kumbe hata Ujerumani, mwanzoni mwa 2025, ilibainika kwamba diski zilizotumika maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa kama mpya kabisa, saa zimerudishwa sifuri. Kijana wa chuo aliponisimulia nilifarijika mno. Wetu angalau hajui kurudisha sifuri, anajua soksi tu.

Kwa sasa amri ya kijana ni moja: nisipige Windows upya, nisiiguse kwa chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, maana kuihangaisha diski inayokufa ni kuimalizia. Kwanza ninakili kilichomo. Kwa hiyo inanakili. Imeandika zimebaki dakika nne tangu nimalize chai, na chai yenyewe nilikunywa asubuhi.

Na kilichomo ndicho kinachonitoa jasho, kwa sababu mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa dada, na orodha yote ya michango iko humo. Habari zimeshasambaa. Walioahidi laki wanakumbuka waliahidi hamsini. Walioahidi hamsini wanakumbuka walishatoa. Shemeji, ambaye hajawahi kunipigia kunijulia hali, kanipigia kuulizia hali ya diski, na sauti yake haikuwa ya kuitakia uzima.

Baba mdogo wa Sengerema ndiye kiboko. Zamani mchango wake ulikuwa unakwamishwa na foleni ya kivuko pale Kigongo. Mwaka 2025 daraja likafunguliwa, kivuko hakisingiziki tena, sasa anasema yeye alishatoa mbuzi. Mbuzi mzima! Nimekaa vikao vyote, nimeandika mpaka aliyetoa kreti moja ya soda na kudai chupa zirudishwe, mbuzi sikumwona, sikumsikia, sikumla. Nikampigia, nikamwamkia vizuri, nikamuuliza huyo mbuzi alikuwa wa rangi gani.

Akaniambia niangalie kwenye kompyuta.