Risasi za León Toral na hukumu bila mahakama

Tarehe 17 Julai 1928, katika mkahawa wa La Bombilla jijini Mexico, kijana Mkatoliki wa miaka 27, José de León Toral, alimsogelea Rais mteule Álvaro Obregón kama mchoraji anayetaka kumwonyesha michoro yake, kisha akampiga risasi na kumwua. Waliomwona kuwa shujaa wa imani hawakuwa wachache, na hoja zao zinastahili kusikilizwa.

Katiba ya 1917 ililinyima Kanisa hadhi ya kisheria, na sheria ya Rais Plutarco Elías Calles ya mwaka 1926 ikaweka adhabu hata kwa padri aliyevaa mavazi yake ya kidini hadharani. Maaskofu walisimamisha ibada za hadhara, na waumini wa vijijini wakashika silaha katika vita vya Wakristero. Kisha, Novemba 1927, Padri Miguel Pro, aliyetuhumiwa kuhusika katika jaribio la awali la kumwua Obregón, alipigwa risasi bila kufikishwa mahakamani. Dola inayoua namna hiyo huwafundisha raia wake kwamba sheria haina kazi, na sioni jinsi uovu huo unavyoweza kupunguzwa.

Hata hivyo, naona kwamba Toral alimtendea Obregón jambo lile lile alilotendewa Pro: hukumu bila shtaka na bila utetezi. Yeye mwenyewe, kinyume chake, alipata kesi ya wazi, yenye mawakili, kabla ya kuuawa na kikosi cha askari Februari 1929. Wanaosema kwamba alifuata dhamiri yake wanasema kweli, lakini dhamiri ya mtu mmoja haiwezi kuwa mahakama ya kuamua nani afe, hasa pale wengine wanapobeba matokeo yake. Mtawa Concepción Acevedo de la Llata, aliyedaiwa kuwa mchochezi, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Obregón alidhaniwa na wengi kuwa tayari zaidi kwa maridhiano kuliko Calles. Kifo chake kilimwacha Calles akitawala nyuma ya pazia kwa miaka kadhaa.

Ibada zilirudi makanisani kwa mapatano ya Juni 1929, yaliyofikiwa mezani na maaskofu wawili pamoja na Rais Emilio Portes Gil, bila kifungu hata kimoja cha Katiba kubadilishwa.