DVD za harusi na mazishi ziingie kwenye laptopu kwanza

Mtu aliyenunua DVD kwa pesa zake ana haki ya kuinakili kwenye laptopu yake na kuitazama popote: nyumbani Kondele, ndani ya basi la usiku la kwenda Nairobi, au mashambani stima ikipotea. Huo ndio msimamo wangu. Lakini hapa Kisumu jambo hili likizungumzwa, utasikia sinema za Marekani tu. Hizo ukizikosa leo utazipata kesho kwa njia nyingine. Mimi ninahofia diski zilizolala kabatini chini ya televisheni: harusi ya dada, mazishi ya babu, kwaya iliyojirekodia nyimbo na kuziuza baada ya ibada, ohangla, muziki wa Waluo, ya mpigaji ambaye kazi zake hazikuwahi kuwekwa YouTube.

Huku magharibi mwa Kenya mazishi ni siku ya ukoo kuonekana. Kwa miaka mingi familia zilizojiweza zilimlipa mpiga video, naye akaleta DVD mbili tatu baada ya wiki chache. Mle ndani mna wazee wakieleza ukoo ulikotoka, wakwe wakitambulishwa mmoja mmoja, shangazi akiongoza wimbo ambao hakuna aliyeuandika. Baadhi yao nao wameshazikwa. Na usitegemee kwamba mpiga video bado ana nakala. Wengi walizifuta ili kupata nafasi ya kazi iliyofuata.

Diski yenyewe haidumu jinsi watu wanavyodhani. Sinema ya kiwandani hupigwa chapa kwenye plastiki, lakini DVD ya mazishi ilichomwa kwenye kompyuta, na picha yake imo katika safu nyembamba ya rangi iliyobadilishwa na leza. Joto na mwanga huila rangi hiyo. Dalili ya kwanza ni picha kukwama mahali pamoja kila unapoicheza. Ukiona hivyo, inakili siku hiyo hiyo, usingoje Krismasi.

Kazi yenyewe ni nyepesi, kwa kuwa diski za nyumbani kwa kawaida hazina kufuli ya kuzuia kunakili. Ukiifungua utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Inakili yote. Watu wengi huburuta faili moja ya VOB, yaani faili yenye video yenyewe, kisha wanashangaa sherehe ikikatika kabla ya keki. Kanuni za DVD haziruhusu faili moja ya VOB kupita GB 1, kwa hiyo sherehe ndefu hugawanywa vipande. Diski ya safu moja hubeba GB 4.7, laptopu yenye GB 500 zilizo wazi itameza karibu diski mia moja bila kupunguza chochote. Programu ya VLC itaicheza folda hiyo kama vile diski iko ndani.

Ukitaka iwe ndogo ya kutembea nayo, programu ya HandBrake itaigeuza kuwa faili moja ya MP4, na mara nyingi saa mbili za video hushuka hadi karibu GB moja au mbili. Hapa nasisitiza jambo moja. Video nyingi za zamani zilipigwa kwa mfumo wa televisheni wa PAL, wenye mistari 576, ambapo kila picha hugawanywa nusu mbili zinazopishana. Kwenye televisheni ya kizamani huoni kitu, lakini kwenye laptopu wachezaji wakitikisa mabega utaona meno ya kitana pembeni mwa miili yao. Washa kichujio cha kuondoa meno hayo kabla ya kugeuza. Na hata ukishapata MP4, folda ya asili isifutwe, kwani kilichopunguzwa hakirudi.

Safarini faida huonekana mara moja. Kiendeshi cha diski kina mota inayokula betri, na basi likiruka matuta diski hukwama. Faili haina shida hiyo. Laptopu nyingi za siku hizi hata hazina kiendeshi, lakini cha nje cha USB kinaweza kuhudumia ukoo mzima.

Sinema za kununua zina habari nyingine. Nyingi zimefungwa kwa kufuli iitwayo CSS, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kinga za namna hiyo. Naona sheria hiyo inamwonea mnunuzi. Mwaka 1999 kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, alisaidia kusambaza programu ya kuifungua CSS. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama ikamwachilia huru, ikiona kwamba mwenye diski aliyoinunua kihalali anaruhusiwa kuifikia. Bunge letu lingeweza kulisema hilo waziwazi, hasa kwa kuwa kufuli hizi huambatana na mipaka ya dunia iliyochorwa na makampuni: Kenya tuko eneo la 5, Uingereza eneo la 2. Mjomba akikuletea diski halali kutoka London, huenda ikagoma, na kiendeshi cha kompyuta kwa kawaida hukuruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu.

Haki hiyo ninayoidai inaishia kwenye laptopu yako. Anayechoma DVD ya kwaya na kuiuza stendi anawanyang'anya waimbaji nauli na sare zao, na simtetei hata kidogo. Kama kwaya bado inauza, nunua yako.

Desemba watu wanaporudi nyumbani, beba kiendeshi na uwaombe shangazi na wajomba wafungue makabati. Andika jina la marehemu au maharusi, mahali na mwaka kwenye kila folda, na majina ya wazee waliosema kama bado yupo wa kuwatambua. Nakala ya pili iwe kwenye diski ngumu kwa ndugu anayeishi mji mwingine, tuseme Nakuru, ili mwizi wa laptopu asiondoke na ukoo mzima. Ukitumia flashi, kumbuka iliyoandaliwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Iandae upya kwa exFAT kabla ya kuanza, kwani kazi hiyo hufuta kila kilichomo.