Eti Bisi za Nyumbani Ndiyo Nafuu

Mwiko umesimama wenyewe katikati ya sufuria. Haujaegemea popote. Ukiushika na kuunyanyua, sufuria nzima inakuja nao, na mama mkwe anasema, "Baba Neema, taratibu, utaitoboa." Niitoboe na nini, mama? Sukari ilivyoganda mle hata fundi wa pancha ataomba muda afikirie. Na hiyo ndiyo sufuria ya pilau. Kesho Krismasi, wageni wameshapiga simu kuuliza kituo cha kushukia.

Mimi ni baba wa familia. Mjumbe akipita hapa ananisalimia kwa jina. Si mtu wa kukutwa mchana kweupe juu ya kigoda, kifua wazi, nagonga sufuria kwa mchi wa kinu huku watoto wa mtaa wamejipanga ukutani wananitazama bure.

Haya yote yametoka kwenye simu. Mke wangu kamwona mama mmoja wa huko Marekani anatengeneza bisi za sikukuu na watoto wake. Watoto wenyewe wametulia, wamevaa sweta nyekundu, hakuna anayelia kwamba mwenzake kashika kijiko chake. Lile jiko lao linameza sebule yetu, chumba chetu na choo cha mwenye nyumba, na pa kuanikia nguo panabaki. Mama Neema akanisogezea simu puani. "Mwaka huu biskuti za dukani tuachane nazo. Tutengeneze bisi wenyewe, familia nzima. Ni nafuu." Hata kuku tulifuga kwa sababu ni nafuu. Muulizeni yule kuku alikuwa analala wapi, na mimi nilikuwa nalala wapi.

Siku nyingine ningemtuma mtoto kwa Mangi, yakaisha. Lakini Desemba hii Mangi utamtoa wapi? Mtaa mzima makufuli yananing'inia, wenyewe wako Moshi wanakula sikukuu na wazazi, na sisi tuliobaki Dar tunazunguka na hela mfukoni hatuna wa kumpa. Duka moja tu liko wazi, na kijana aliyeachiwa hajui bei hata ya kiberiti. Kila ukiuliza anampigia Mangi, na Mangi hapokei. Nikapanda daladala mpaka Tandale, kwenye nafaka.

Tandale huwezi kukosa nafaka. Magunia yamekunjwa midomo mstari mzima, vumbi la mahindi hewani, na kila muuzaji anakuita bosi mpaka unaanza kuamini. Nikamchagua mzee mmoja aliyetulia, kibaraghashia kichwani, kalamu sikioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Nipimie mahindi ya bisi, kilo moja."

Kwa hesabu zangu hapo shughuli ilikuwa imekwisha. Mzee akavua miwani.

"Ya biashara au ya kula?"

"Ya kula, mzee. Sikukuu."

"Una mashine?"

"Sufuria."

"Nzito, au hizi za siku hizi?"

Nikajikuta naeleza kwamba sufuria tulipewa siku ya harusi na shangazi yake mke wangu, na kwamba ina mkono mmoja, wa pili uling'oka. Mzee akaitikia kwa kichwa, anasikiliza kwa makini, utadhani anaandika faili langu.

"Gesi au mkaa?"

"Gesi."

"Mtungi una gesi?"

Hapo sasa mtu kaingia chumbani kwangu. Hali ya mtungi wa gesi ni siri ya mume na mke. Nikamwambia ipo.

Akachota punje chache, akaitia moja mdomoni, akaibana kwa jino la pembeni. Ka! Akaitemea kiganjani na kunionyesha: vipande viwili, ganda linang'aa, ndani unga mweupe mgumu.

"Unaona maji?"

"Siyaoni, mzee."

"Huwezi kuyaona. Yamo. Asilimia 13, 14 hivi. Ukiweka motoni yanageuka mvuke, na mvuke hauna pa kutokea, ganda limekaza. Joto likifika nyuzi kama 180, ganda linasalimu amri. Paa! Maji yakizidi, ganda linalegea, mvuke unavuja pole pole. Yakipungua, unakaanga changarawe."

Mimi nimekuja kununua kilo moja. Napewa semina, tena semina yenyewe haina posho wala soda ya saa nne.

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja na kikapu chake. Kumbe alikuwa anavuta pumzi tu. "Mzee, usimpambe kaka wa watu. Mwezi uliopita nilinunua hapa hapa kwako. Nusu nzima haikupasuka!"

"Uliyahifadhi wapi?"

"Kwenye bakuli, juu ya kabati, pembeni ya jiko."

"Wazi?"

"Sasa niyafunike, yatatoroka?"

"Umeyakausha kwa mikono yako, halafu unanidai mimi! Mahindi ya bisi yanatiwa kwenye chupa, chupa inafungwa. Yakishakauka unayatilia kijiko cha maji, unatikisa, unafunga, unayaacha siku tatu nne yanywe."

"Siku nne? Krismasi kesho!"

"Kwani Krismasi mwaka huu imehamishwa tarehe, mama?"

Basi wakanisahau. Nimenyoosha noti ya elfu kumi, mkono uko hewani, hakuna anayeipokea, na kuukunja nikaona aibu. Akatokea mbebaji, gunia la kilo 100 mgongoni, jasho linadondokea kwenye ndala, anapiga mluzi apishwe. Tukampisha. Hakupita. Akasimama, na gunia lake.

"Mnaongelea bisi? Siri iko kwenye mfuniko. Usiubane wote. Acha upenyo, mvuke utoke, la sivyo zinalowa."

"Niache upenyo mafuta yanirukie usoni?" mama akauliza.

"Upenyo kidogo, dada. Hivi." Akataka kuonyesha kwa kidole, gunia likayumba, sote tukaruka. Likarudi mahali pake. Akaendelea! Eti kwanza unaweka punje tatu kwenye mafuta. Zikipasuka unamwaga zilizobaki, unaipua, unahesabu mpaka thelathini, ndipo unarudisha motoni, ili zote zipate joto pamoja na zipasuke kwa mpigo. Mabega yameanza kuniuma mimi, yeye yupo tu. Kule mbele mtu anapiga kelele, "Oya! Mzigo huo!" Naye anajibu bila kugeuka, "Nakuja, naelekeza watu hapa!"

Kijana mmoja ambaye hata hakuwa mteja akauliza, na haya ya ugali je, si ukiyakaanga vizuri nayo yanapasuka? Pakawa kimya. Mzee akamtazama kwa huruma ya mzazi. "Kaanga. Ukifika Pasaka utatuambia."

"Mzee," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya baba mwenye heshima zake tena, ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda kwao, "naomba kilo moja."

"Moja tu?"

Alivyoniangalia! Elimu yote ile, kilo moja. Akapima, akafunga, akapokea noti, akapekua kikoi, akapekua kopo, akanirudishia noti. "Chenji hakuna. Chukua tano."

Nilizunguka Tandale yote na noti yangu.

Nyumbani nikakuta mke wangu ameshaandika mahitaji nyuma ya bahasha ya kanisani. Siagi. Sukari ya kahawia. Soda ya kuokea kidogo, ili sukari itoe povu na isivunje meno. Sirapu ya mahindi. Sirapu ya mahindi! Nimetoka kugombania mahindi yenyewe. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia tangu Septemba, akachungulia ile simu kwa mbali. "Hiyo si kashata tu? Toa karanga, weka bisi, mambo yaishe." Mwanamke kauza kashata Tanga mpaka akasomesha watoto, lakini kwa kuwa hayumo kwenye video, nani atamsikiliza?

Gesi ikaisha kabla hata punje moja haijapasuka. Mkaa ulikuwa umelowa. Jirani akatuazima jiko lenye moto tayari, pamoja na ushauri, na ushauri ndio uliochelewa kuisha.

Bisi zenyewe, tusimwonee mzee wa Tandale, zilipasuka vizuri. Neema alikuwa ameweka sikio, anasubiri mipasuko ipungue kama nilivyomwelekeza. Mdogo wake Baraka hakutaka habari za kusikia, alitaka kuona. Akavuta mfuniko. Tumeokota bisi kwenye kilemba cha mama mkwe, nyuma ya redio, na ndani ya kiatu changu cha kanisani. Ya kiatuni Baraka aliila kabla sijasema kitu.

Ikaja zamu ya sukari. Sukari ikiwa jikoni haina adabu. Unaitazama nyeupe, unaitazama inageuka maji, inashika rangi ya asali safi kabisa, unapepesa jicho mara moja tu, tayari ni lami. Na pale pale kwenye rangi ya asali, umeme ukakatika. Mke wangu akawasha tochi ya simu. Sasa maelekezo yako wapi? Kwenye simu hiyo hiyo. Ukimulika husomi, ukisoma humuliki.

"Inasema ikoroge dakika ngapi?"

"Mulika kwanza nione rangi!"

"Nikimulika nitasomaje?"

"Simu yako iko wapi?"

"Haina chaji!"

Katikati ya lile giza, sauti ya mama mkwe, pole pole, haina haraka na mtu: "Mie nasikia harufu."

Basi zikabaki bisi kavu. Mama Neema hakukata tamaa, akasema kule Marekani wanazitunga kwenye uzi na kuzining'iniza kwenye mti wa Krismasi, zionekane theluji. Theluji, Dar es Salaam, mwezi wa Desemba, nyuzi 32 na feni imelala! Theluji tuliyonayo nchi hii iko Kilimanjaro, na Mangi ndiye kaenda kuiangalia. Hata hivyo watoto wakapewa sindano na uzi. Wakitunga moja, wanakula mbili. Kufika magharibi uzi una bisi za kuhesabika, sisimizi wameshapata taarifa na wanapanda mti kwa mstari, na sindano imepotea kwenye mkeka. Tangu hapo nyumba nzima tunakula wima.

Halafu mama mkwe akakumbuka jirani. Sahani ya Mama Shufaa ipo kwetu tangu Idi, ilikuja na biriani, na sahani ya watu hairudi tupu. Sawa, hairudi tupu, lakini biriani ya mbuzi unaijibu kwa bisi zisizo na sukari, zimetobolewa na sindano? Mke wangu anasema ni kutunza ujirani. Mimi nasema kama ni vyombo, wa kulalamika kwanza ni sisi. Hotpoti yetu iko wapi? Ile kubwa, ya maua ya bluu. Iliazimwa kwa ajili ya kipaimara, mpaka leo. Ukiuliza unaambiwa iko na kamati. Kamati ilishavunjwa, mweka hazina kahamia Dodoma, hotpoti haijulikani ilihama na nani.

Mwezi uliopita nimeiona kwa macho yangu, msibani, Kibamba, imejaa wali. Nikajifanya naokota kijiko, nikachungulia chini: herufi za mke wangu, kwa rangi yake nyekundu ya kucha. Nikamwita dada wa vyombo pembeni, kwa heshima zote.

"Dada, samahani, hotpoti hii ni ya nani?"

"Hii ya mfiwa, shemeji. Pakua, foleni inakusubiri."

Na mfiwa yule pale amekaa kwenye mkeka, analia, watu wamemshika huku na huku. Unaanzia wapi? Nikapakua. Na wali ulikuwa wa moto mpaka chini kabisa, maana hotpoti ile, jamani, ilikuwa nzuri.