Gundi ya mimea kwenye plaiwudi na chipbodi: shida kubwa ni maji

Chipbodi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao) na plaiwudi zote ni mti uliovunjwa kisha ukaunganishwa upya kwa gundi, joto na mgandamizo. Kwa miongo mingi gundi iliyotawala kazi hiyo, hasa kwa mbao za matumizi ya ndani, ni ile ya yurea na fomaldehaidi. Bei yake ni ndogo, haichafui rangi ya mbao, na kwenye presi hukauka upesi kuliko karibu mshindani wake yeyote. Kasoro yake inajulikana: ikipata unyevu na joto humeng'enyuka kidogo kidogo na kuachia gesi ya fomaldehaidi ndani ya chumba. Mwaka 2004 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliipandisha gesi hiyo hadi kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Tangu hapo sheria zimezidi kubana. Marekani kikomo ni sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaiwudi ya mbao ngumu, 0.09 kwa chipbodi na 0.11 kwa MDF. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.062 kwa mita ya ujazo ya hewa kuanzia Agosti 2026, takriban nusu ya kile cha E1, daraja la zamani la Ulaya la mbao zinazotoa fomaldehaidi kidogo. Ndiyo maana gundi za soya, wanga, tanini (kemikali ya magome ya miti) na lignini (kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mbao) zimerudi mezani.

Nimesema zimerudi kwa sababu si ngeni. Gundi ya soya ilikuwa ikiunganisha plaiwudi Marekani tangu miaka ya 1920, hadi resini, yaani gundi za viwandani zitokanazo na petroliamu, zilipoisukuma kando. Iliondolewa kwa sababu mbili: haikuvumilia maji na iliota ukungu. Anayeitetea leo lazima ajibu hoja hizo hizo.

Kabla ya kupima pande mbili, kuna mkanganyiko wa kuondoa. Gundi kutokana na mmea ni jambo moja, na gundi kutotoa fomaldehaidi ni jambo jingine. Isosianeti, inayotumika sana kwenye OSB (ubao wa vipande bapa vya mbao), haina fomaldehaidi hata chembe, lakini inatokana na petroliamu, na kabla haijaganda ni hatari kwa mapafu ya wafanyakazi. Kwa upande wa pili, gundi ya lignini iliyoko sokoni mara nyingi ni ya fenoli na fomaldehaidi ambayo sehemu ya fenoli, hadi karibu nusu, imebadilishwa na lignini. Fomaldehaidi bado imo, ila kifungo chake ni imara na gesi inayotoka ni kidogo sana. Muuzaji anayesema tu “ni ya kijani” hajakwambia lolote.

Sasa tuje kwenye maji, ambako miradi mingi hukwama.

Chukua kilo 100 za chembe za mbao kavu, zenye unyevu wa asilimia 3 baada ya kupita kwenye kikaushio. Unataka kuweka gundi asilimia 8, yaani kilo 8 zikihesabiwa kavu. Gundi ya yurea huja ikiwa na yabisi (kitu kikavu, kinachobaki maji yakitoka) asilimia 65, kwa hiyo utamwaga kilo 12.3 za gundi, ndani yake maji kilo 4.3. Ukijumlisha na kilo 3 zilizokuwa kwenye chembe, mkeka, yaani tandiko la chembe zenye gundi, unaingia kwenye presi na maji kilo 7.3. Badilisha uweke gundi ya soya yenye yabisi asilimia 40. Huwezi kuifanya nzito zaidi kirahisi, kwa sababu protini huvimba na mnato hupanda hadi pampu na vinyunyizio vishindwe. Kilo 8 kavu sasa ni kilo 20 za uji, maji kilo 12. Jumla ni kilo 15, zaidi ya maradufu.

Maji hayo lazima yawe mvuke na yatoke. Yakiwa bado yamo, kiini cha ubao hugota kwenye joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100 hata kama sahani za presi zina nyuzi 200, na gundi ya katikati haipati joto la kutosha kuganda. Ukifungua presi mapema, mvuke hutoka kwa kishindo na ubao hupasuka katikati ya unene. Wakati mwingine mpasuko hauonekani kwa nje. Ugonge ubao kwa kifundo cha kidole: palipopasuka hulia kama pakavu na patupu, palipo pazima hulia mlio mzito.

Dawa ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria ni kuongeza muda. Ubao wa milimita 16 ukipigwa sekunde 5 kwa kila milimita ya unene hukaa kwenye presi sekunde 80. Ukihitaji sekunde 10, unakaa 160, na kiwanda kimekatwa nusu ya uzalishaji wake. Presi ndiyo mashine ghali kuliko zote pale, na hakuna akiba ya gundi itakayofidia hasara hiyo. Dawa ya pili ni kukausha chembe hadi asilimia 1 au 2. Inasaidia, ila inakula nishati, inaongeza vumbi na hatari ya moto kwenye kikaushio, na chembe kavu mno hufyonza maji ya gundi kabla haijasambaa. Ya tatu, ambayo naiona yenye akili zaidi, ni kunyunyiza unga wa mmea ukiwa mkavu na kuweka kigumishi (kemikali inayogandisha gundi) peke yake kama kimiminika. Maji hupungua sana. Gharama yake ni vifaa vipya vya kupimia unga, na unga usiposambaa sawasawa utapata ubao wenye madoa dhaifu.

Kwenye plaiwudi hesabu hiyo inabadilika kabisa. Gundi ya yurea ya plaiwudi kwa kawaida huchanganywa na unga wa ngano na maji hadi yabisi hushuka karibu asilimia 50. Ukipaka gramu 180 kwa mita ya mraba, maji ni gramu 90; kwa soya ya asilimia 40 ni gramu 108. Tofauti hiyo inabebeka kwa kukausha vinia, yaani tabaka nyembamba za mbao, kidogo zaidi. Zaidi ya hapo, gundi hupakwa kwa rola, hainyunyizwi, kwa hiyo mnato mkubwa si msiba. Haishangazi kwamba ushindi mkubwa wa soya ulitokea huku. Kaichang Li wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon alitengeneza mfumo wa unga wa soya na resini ya PAE, ambayo tayari ilitumika kuipa karatasi nguvu ikilowa, na Columbia Forest Products ikauingiza kwenye plaiwudi zake za ndani katikati ya miaka ya 2000.

Hapo wapinzani wana hoja nzuri. PAE hutengenezwa kwa epiklorohidrini, kemikali ya viwandani, na bila kigumishi cha aina hiyo soya huachia ikilowa. Sukari zilizomo kwenye unga wa soya hazishiriki kuunganisha, nazo huvuta maji. Kwa hiyo gundi ya “mimea” hupata uwezo wake wa kustahimili maji kutoka maabara. Sioni aibu katika hilo, mradi isemwe. Isemwe pia kwamba inafaa makabati, milango ya ndani na fanicha. Ukuta wa nje au fomu za zege bado ni kazi ya gundi ya fenoli.

Tanini ndiyo ninayoiamini zaidi kiufundi. Magome ya miwati hutoa tanini yenye kasi kubwa ya kuganda, na Afrika Kusini imeitumia kibiashara tangu miaka ya 1970, hata kwa mbao zinazokabili hali ya hewa. Huchanganywa hadi yabisi asilimia 40 au 45, hugandishwa kwa vigumishi vya paraformaldehaidi au heksamini, na huvumilia mkeka wenye unyevu mwingi kuliko yurea. Tabu zake ni rangi nyekundu-kahawia inayojitokeza kwenye vinia nyembamba, na pH (kipimo cha asidi na alkali): ikipanda bila kuangaliwa, gundi huganda kwenye tangi. Lakini kikwazo halisi ni wingi. Uzalishaji wa tanini duniani huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya tani na ngozi nayo inaitaka, ilhali viwanda vya mbao hula mamilioni ya tani za resini kila mwaka.

Upande wa yurea nao haujalala. Wakemia wamepunguza uwiano wa fomaldehaidi kwa yurea hadi karibu moja kwa moja, wameongeza melamini, na chipbodi nyingi hupita vikomo vya leo bila mmea wowote. Malipo yake ni kifungo dhaifu zaidi na presi ya polepole kidogo, kwa hiyo ile faida ya kasi ambayo mmea ulishindana nayo imepungua kiasi. Hapo ndipo naona mlango wa wanga kwenye chipbodi: kuchukua nafasi ya sehemu tu ya resini, kwanza kwenye tabaka la kati, badala ya kuiondoa yote siku moja.

Anayetaka kujaribu aanze na mambo matatu. Apime mnato wa gundi ilipochanganywa na tena baada ya saa mbili na nne. Akate sampuli, azilowanishe saa 24 kwenye maji ya nyuzi 20, kisha azivute hadi zivunjike: zikivunjikia kwenye mbao, gundi imefanya kazi, zikiachana safi kwenye mstari wa gundi, haijafanya. Halafu alinganishe bei kwa kilo ya yabisi pamoja na sekunde za presi, kwa sababu bei ya kilo ya uji wenye maji asilimia 60 haimwelezi kitu. Na mabomba yaoshwe kabla ya kila mapumziko ya wikendi, maana protini na wanga zilizolala siku mbili kwenye joto huchacha, hunuka, na mnato wake hauwi tena ule uliopimwa.