Mfuko wa Mikopo Unaodai Dhamana Isiyofikika Hauwaokoi Wafanyabiashara Wadogo

Mwaka 2021, biashara nyingi nchini Uganda zilipokuwa zimelemewa na masharti ya kudhibiti korona, ulianzishwa mfuko wa kufufua biashara ndogo wenye shilingi bilioni 200, nusu ikitoka serikalini kupitia Benki Kuu na nusu kwenye benki zinazokopesha. Riba ilikuwa asilimia 10 kwa mwaka, ilhali mikopo ya kawaida ilitozwa karibu mara mbili ya hiyo. Hata hivyo, mwaka ulipita na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa haijakopwa. Wenye maduka na gereji walikuwa wakizihitaji mno. Walichokosa ni dhamana.

Benki, ambayo ingebeba nusu ya hasara mkopo usipolipwa, ilimpima mkopaji kwa kipimo chake cha siku zote, yaani hati ya ardhi. Katika eneo la Buganda, Kampala ikiwemo, watu wengi wanaishi kwenye kibanja, yaani kipande cha ardhi wanachokikalia bila hati, kilichomo ndani ya ardhi ya mailo (ardhi ya kumilikiwa kwa hati chini ya mfumo wa Buganda) ya mtu mwingine. Wamejenga, wamelima na kuzika wazazi wao hapo, lakini hati anayo mwenye ardhi. Fundi wa nguo wa Kisenyi, mtaa wa Kampala, mwenye cherehani sita na wateja wa miaka mingi huhesabiwa kuwa hana kitu, kisha huishia kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza riba kwa mwezi.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Sheria ya mwaka 2019 inaruhusu mali inayohamishika, kama vile mashine, mifugo, bidhaa na hata fedha ambazo mfanyabiashara anawadai wengine, iandikishwe kuwa dhamana. Naamini benki yoyote inayopokea fedha za umma ilazimishwe kuikubali dhamana hiyo, na serikali ibebe sehemu kubwa zaidi ya hasara. Mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (PDM), unaopeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, siupingi, ila ulikusudiwa kaya zinazozalisha kwa ajili ya chakula chao tu, na mkopo wake wa shilingi milioni moja hauwezi kuinusuru karakana yenye wafanyakazi.

Halafu kuna madeni ya serikali yenyewe. Mzabuni mdogo aliyepeleka madawati au chakula hukaa miezi mingi bila malipo, huku riba ya mkopo alionunulia bidhaa hizo ikiendelea kupanda. Huyo hahitaji mfuko mwingine. Anahitaji kulipwa jasho lake kwa wakati, na deni hilo likubaliwe benki kuwa dhamana hadi siku litakapolipwa.