Ni kweli hali ya hewa imebadilika tangu zamani, ila wanyama walikuwa na pa kuhamia

Kila mjadala wa tabianchi ukizuka hapa Kisumu, iwe ndani ya matatu au pale Dunga watu wakingoja samaki, hakosi mtu wa kusema aah, hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu enzi na enzi, wanyama walipona na sisi tutapona. Nusu ya kwanza naikubali kabisa, tena ushahidi wake uko hapa hapa kwetu. Shida yangu ni hiyo nusu ya pili, kwa sababu hakuna anayeuliza walipona vipi.

Chukua hili ziwa letu. Victoria ni pana ajabu lakini halina kina kirefu, mahali penye kina zaidi ni kama mita 80 tu, na maji yake mengi hayaletwi na mito, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo mvua ikipungua kwa muda mrefu basi limekwisha. Na ndivyo ilivyokuwa, kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, kama miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita, lilikauka, na watafiti waliotoboa tope la chini walikuta udongo wa nchi kavu. Hebu fikiria, ungetoka Kisumu mpaka Uganda kwa miguu bila kuona mashua.

Sasa vuka daraja la Mbita uingie kisiwa cha Rusinga. Watu wengi wanaijua Rusinga kwa lile fuvu la Proconsul, jamii ya sokwe wa kale wa mamilioni ya miaka, alilopata mtafiti Mary Leakey mwaka 1948, lakini mimi kinachonivutia zaidi ni mifupa ya juzi juzi, ya makumi ya maelfu ya miaka hivi, si mamilioni. Kuna mnyama anaitwa Rusingoryx, jamaa wa nyumbu, ambaye pua yake ilikuwa imevimba juu ya uso kama kuba, tupu ndani, muundo ambao wanasayansi walioueleza mwaka 2016 walisema unafanana na wa aina fulani za dinosaria, na wanadhani aliutumia kutoa sauti nzito ya kuitana. Mifupa ya kundi zima imelala pamoja, ya miaka karibu 70,000, na zana za mawe za watu ziko hapo hapo. Pia wamepata choroa na punda milia wa Grevy, yule mwenye mistari myembamba ambaye leo ukimtaka lazima uende Samburu au Isiolo huko! Wanyama wa nyasi kavu, wa makundi makubwa, hawawezi kuishi kwa kisiwa kidogo hivyo, kwa hiyo maji yalikuwa yamerudi nyuma na Rusinga ilikuwa kilima tu katikati ya mbuga.

Ndio maana nasema ziwa hili lilikuwa kama mlango. Likipungua, nyasi zinafunguka na wanyama wa mashariki wanasonga magharibi, likijaa wanatenganishwa, wengine wanabaki upande huu wengine ule. Sahara nayo ilifanya hivyo hivyo kwa upande wake, kuna wakati ilikuwa na viboko na twiga na watu wakawachora kwa miamba ya Tassili huko Algeria, halafu kama miaka 5,000 iliyopita mvua ikakata na wanyama wakaondoka au wakafa.

Sio wote walipona jamani. Rusingoryx hayupo. Lakini waliopona, wengi walipona kwa sababu walihama.

Nenda Nakuru sasa. Miaka kama 10,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi hadi ziwa Nakuru na Elmenteita yakawa ziwa moja lenye kina cha mita 180 hivi, na mahali ulipo mji leo palikuwa chini ya maji. Wanyama walipanda juu, basi. Miaka hii ya karibuni ziwa limepanda tena, likameza geti kuu la mbuga na nyasi za ufukweni, lakini safari hii fensi imezunguka mbuga yote na nje yake kuna mji. Nyati na vifaru wanasogea mpaka kwa waya, hapo ndio mwisho.

Na mbuga ya Ruma je, hapo bonde la Lambwe? Ndio mahali pekee Kenya pamebaki korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, na sensa ya wanyama ya 2021 ilihesabu 15 tu. Siwalaumu wakulima wa Lambwe, mashamba ni yao na watoto lazima wale. Lakini mtu akiniambia wanyama watajipanga kama zamani, namuuliza hao korongo 15 nyasi zao zikiharibika watapita wapi, shamba la nani? Kama kaunti zinapanga barabara na miji mipya sasa hivi, njia za wanyama ziwekwe kwenye ramani hiyo hiyo kabla beacon hazijapigwa, maana plot ikishauzwa na nyumba ikashapanda hakuna atakayebomoa kwa sababu ya swala.